Kila Hekta Ina Mwenyewe

Mwaka juzi nilikwenda kupanda mikoko Mikindani, hapa Mombasa. Tulikuwa watu wengi, fulana za rangi moja, na maji yalikuwa yamekupwa. Kila mtu alipewa fungu la mbegu, zile ndefu kama penseli ambazo huota zingali mtini, azichomeke topeni. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akiziba dau lake pembeni, akanitazama kisha akasema, "Mwanangu, hapo mbele ni pa mti mwingine, mlilana. Mkoko hapo maji yataung'oa." Nikacheka kwa adabu, nikaendelea. Tukapiga picha, tukanywa soda, tukaenda zetu.

Miezi mitano baadaye nilirudi. Kwenye safu yangu ilibaki miche minne, mitatu imezongwa na vipande vya nyavu.

Nina hakika kwenye ripoti ya siku ile miti yetu yote ingali hai. Na hapo ndipo ninapogombana na hizi ahadi za kuokoa hali ya hewa kwa ardhi na miti: huhesabiwa kilichopandwa. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda, lengo likiwa miti milioni 100. Sikukuu ya kwenda kuangalia imebaki mingapi bado sijaisikia.

Watu hupenda kutolea mfano Gazi, kule Kwale, na wana haki. Tangu 2013 wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko, wanauza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo kwa wanaotaka kufidia moshi wao, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule. Ni takriban tani 3,000 kwa mwaka. Sasa chukua kalamu. Kenya iliahidi mwaka 2020 kupunguza asilimia 32 ya tani milioni 143 za gesi joto zilizokadiriwa kwa mwaka 2030, yaani kama tani milioni 46. Hizo ni Gazi elfu kumi na tano! Mikoko yote ya nchi hii, kutoka Vanga hadi Kiunga, ni hekta kama elfu 60, haitoshi Gazi 520. Hakuna aliyesema mzigo wote ubebwe na mikoko, najua, lakini ukubwa wa pengo ndio huo.

Duniani kote mambo ni yale yale. Ripoti moja ya 2022 ilijumlisha ahadi za nchi mbalimbali ikakuta zinahitaji ardhi ya karibu hekta bilioni 1.2. Kenya nzima ni hekta milioni 58. Ishirini na ushei kama hii zitoke wapi, na wanaolima na kuchunga humo waende wapi?

Sisi wa Pwani swali hilo hatulisomi vitabuni. Tangu sheria ya hatimiliki ya 1908, kuna waliozaliwa, wakazaa na kuzika kwenye shamba moja, na bado wanaitwa maskwota. Hapa mjini mtu ana nyumba yake, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Basi akija mtu na mkataba wa kaboni, nani atie sahihi? Anayeulinda mti, au mwenye karatasi asiyejua hata njia ya kufika?

Na hata mti ukishika, hauna dhamana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope kwenye hori ya Mwache likafukia mizizi, mikoko ikafa imesimama. Moshi wa leo tunauchoma kwa hakika, malipo yake tunayaweka kwenye mche. Huko ndiko kukopa harusi, kulipa matanga. Tupunguze moshi kwanza.

Mwaliko wa mwaka huu umeshafika. Nimewauliza waandalizi jambo moja tu: je, yule mzee ameulizwa tupande wapi? Sijajibiwa bado. Fulana lakini imeletwa, na ni saizi yangu kabisa.