Goli unasimuliwa na konda, bando limeenda

Hivi jamani kuangalia tivii kwenye simu lazima bando liteketee? Simba na Yanga wanacheza, we uko kwenye foleni ya Mwenge, unafungua aplikesheni kiduara kinazunguka weee, ukija kushtuka watu wa baa ya jirani washapiga kelele za goli na kwako mpira bado uko katikati ya uwanja, konda ndo anakusimulia nani kafunga. Halafu meseji hiyo, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Ya kuangalia kiduara?!

Na teknolojia ipo kitambo bana. Korea Kusini mwaka 2005 simu zilianza kunasa tivii moja kwa moja toka kwenye mnara wa matangazo, bila bando, Japani wakafuata 2006, na hata waangalie watu milioni mawimbi hayo hayo yanawatosha wote. Sisi Dar matangazo ya tivii ya analojia yakazimwa 31 Desemba 2012, tukanunua ving'amuzi, zile simu za Kichina za antena ya kuvuta zilizokuwa zinanasa hiyo analojia zikabaki na chenga tu (nilikuwa naipenda yangu mno).

Redio nayo, FM inataka iyafoni za waya maana waya ndo antena, na simu mpya kibao wametoa hadi tundu lenyewe! Kwa hiyo ninunue bando nisikilize stesheni iliyopo hapa hapa mjini? Kiswaswadu cha mlinzi wetu kinaimba bure usiku kucha, mi yangu ya laki nne inaniambia ongeza salio.