CHamoru ugenini: kati ya jukwaa na msiba

Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu Wachamoru, wenyeji wa asili wa Guam na visiwa vingine vya Mariana katika Pasifiki, wapatao 148,000 katika majimbo ya nchi hiyo, wakiwemo wenye damu mchanganyiko. Zaidi ya 40,000 walikuwa California. Kisiwani Guam walikuwa 59,000 hivi. Wengi waliondoka kwa kufuata jeshi, wakalowea San Diego au jimbo la Washington, na huko ndiko kunakobishaniwa nini kishikwe kwanza ili Uchamoru usipotee: tamasha au msiba.

Upande mmoja unategemea tamasha: ngoma, mavazi ya maua, vibanda vya chakula. Hoja yao ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Mtoto ambaye baba tu ndiye Mchamoru, na ambaye hana bibi wala shangazi mjini, ataingilia wapi? Tena serikali ya wanamaji ya Marekani, iliyokuwa ikitawala Guam, ilipiga marufuku Kichamoru shuleni, na mwaka 1922 kamusi zake zikachomwa moto. Waliolelewa chini ya amri hizo ndio waliowalea wanao kwa Kiingereza. Kumdai mjukuu lugha kabla ya kumkaribisha ni kumwadhibu kwa kosa alilotendewa babu yake.

Hata hivyo, jukwaa halimdai mtu chochote baada ya ngoma kwisha. Msiba unadai. Mchamoru akifariki, rozari husaliwa siku tisa na watu wote, lisåyon linahyan, kisha tisa nyingine za nyumbani, lisåyon guma'. Anayeongoza sala huitwa techa, na kwa kawaida ni mwanamke. Wageni huleta ika, yaani rambirambi, na wafiwa huandika jina na kiasi daftarini ili walipe siku ya mwenzao ikifika. Kijana huinamia mkono wa mzee akiugusa kwa pua na kusema "ñot" kwa mwanamume, "ñora" kwa mwanamke. Lugha, adabu na deni hukutana katika jioni moja.

Ugenini mambo haya hukatikia mahali panapojulikana. Familia za wanajeshi huhamishwa kabla deni halijarudi. Techa huzeeka bila mrithi, na sala huishia kwa Kiingereza. Hili la pili linatibika: wanafunzi wawili wakae kando ya techa, kila mmoja aongoze fungu moja la rozari kati ya matano katika siku tisa za kwanza, mawili katika siku tisa za pili. Anayesubiri hadi ajue rozari nzima hataanza kamwe.

Madarasa ya lugha nayo hukwama kwenye orodha za maneno. Mtoto hukariri guma', nyumba, kisha akisikia i gima' haitambui, kwa sababu kibainishi i hubadili irabu ya neno linalokifuata. Akipuuza alama ya mwisho, håga' (damu) hugeuka håga (binti). Sheria hizi hufundishika vizuri jikoni, penye kuagizana.

Chukua kelaguen, chakula cha Kichamoru cha nyama iliyokolezwa ndimu na nazi. Kuku wa kilo moja na nusu huchomwa, hutolewa mifupa, huachwa apoe kabisa, hukatwakatwa vipande vidogo, kisha hutiwa maji ya ndimu nne, vitunguu majani, pilipili na chumvi. Nazi mbichi iliyokunwa huingia mwisho. Nyama ikiwa moto, nazi huchacha haraka. Kosa la California ni nazi kavu yenye sukari. Afadhali ile ya kugandishwa isiyotiwa sukari, kutoka maduka ya Wafilipino. Nyumba yenye kåmyo, ambayo ni mbuzi ya kukunia nazi kama ya pwani yetu, haihitaji duka lolote zaidi ya la nazi zenyewe.

Kwa hiyo tamasha libaki mlango, na pale mlangoni iandikwe orodha ya simu: nani aitwe panapokuwa na rozari, nani ana gari la kumchukua techa, nani atakuna nazi. Kikundi chenye fedha za sare mpya kianze na mafuta ya gari hilo.