Umeme, Nitro au Petroli: Kuchagua Injini ya Boti ya Mfano

Anayeunda boti ya mfano ya kuongozwa kwa redio aghalabu huanza kwa kuuliza ni injini ipi yenye nguvu zaidi, ilhali linalopaswa kutangulia ni urefu na uzito wa bodi (umbo lenyewe la boti), pamoja na muda ambao boti itatakiwa kukimbia. Naamini mota ya umeme isiyo na brashi (vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipa umeme) inawafaa walio wengi, lakini injini za mafuta zina hoja ambazo si haki kuzipuuza.

Mota ya umeme hutoa nguvu papo hapo, haina kabureta ya kurekebishwa, na haiwasumbui watu kwa kelele. Mota iliyoandikwa mizunguko 2,000 kwa dakika kwa kila volti, ikipewa betri ya lithiamu polima ya seli 4, yaani volti 14.8, ingezunguka takriban mara 29,600 kwa dakika bila mzigo. Majini, hata hivyo, mzigo ndio unaotawala. Mota ikizunguka kwa kasi ileile, nguvu inayodaiwa na propela hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake, kwa hiyo kukiongeza kipenyo kwa asilimia 10 tu, bila kubadili umbo, huongeza mahitaji ya nguvu kwa takriban asilimia 60. Ndiyo maana mota na vidhibiti mwendo huungua hata pale maji ya kupoza yanapopita vizuri, na ndiyo maana nasisitiza kuanza na propela ndogo, kukimbiza boti kwa muda mfupi, kisha kupima joto kabla ya kuongeza chochote.

Udhaifu wa umeme uko kwenye betri. Boti ya mbio huweza kuimaliza kwa dakika chache, seli ikishushwa chini ya volti 3 huharibika, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto.

Injini ya nitro, inayotumia methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, ni nyepesi na ina nguvu nyingi kwa ukubwa wake. Hata hivyo, hudai marekebisho ya mara kwa mara, na kwa kuwa methanoli hufyonza unyevu, injini isiposafishwa na kutiwa mafuta baada ya matumizi hushika kutu ndani. Kwa anayeanza, sioni sababu ya kujitwisha kazi hiyo.

Petroli ni hoja nzito zaidi. Injini ya sentimita za ujazo 26 hutumia petroli ya kawaida iliyochanganywa na oili, hukimbia muda mrefu, na tangi hujazwa upya papo hapo. Lakini ni nzito na hutetemeka, hivyo huhitaji bodi ya takriban mita moja au zaidi. Boti ikipinduka kwa kasi na maji yakaingia kwenye silinda, mkono wa pistoni unaweza kupinda kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Mwenye bodi kubwa, fundi wa kuifungua injini, na ziwa linaloruhusu kelele, achukue petroli bila wasiwasi.