Bilionea akinunua mchoro, hela inaenda wapi?

Kila mnada mkubwa wa New York ukipita maneno ni yaleyale, eti mtu katoa mamilioni ya dola kwa picha ya ukutani wakati kuna watu hawana hata maji ya kunywa, si bora angetoa msaada. Hasira naielewa na kuna sehemu naiunga mkono kabisa, ila naona tunawabana matajiri kwa kosa ambalo halipo huku lile lililopo linapita hivihivi.

Chukua Salvator Mundi, mchoro unaosemwa ni wa Leonardo da Vinci. Novemba 2017 uliuzwa pale Christie's, kampuni kubwa ya minada, kwa dola milioni 450.3, hakuna mchoro mwingine uliowahi kufika bei hiyo mnadani. Wanaolaumu wanapiga hesabu ya vyandarua: tuseme kimoja mpaka kifike kijijini ni dola 5, basi kwa hela ile vingepatikana vyandarua milioni 90. Kwa mtu aliyekulia huku kwetu, anayejua malaria inamfanya nini mtoto wa miaka miwili, hiyo hesabu inauma na siipuuzi hata kidogo.

Lakini hiyo hela haijaungua. Ifuate ilikoenda: milioni 400 zilienda upande wa muuzaji, Dmitry Rybolovlev, bilionea wa Kirusi aliyetajirika kwa biashara ya mbolea, na milioni 50.3 zikabaki kwa Christie's kama ada yao. Kesho yake asubuhi dunia ilikuwa na dola zilezile, zimehama akaunti tu. Kama kuna wa kuulizwa habari za vyandarua siku ile basi ni huyo Rybolovlev, maana yeye ndo alikuwa na keshi mkononi, aliyenunua alibaki na ubao wenye rangi, lakini lawama zote zilimwangukia mnunuzi.

Watu wanafikiri bilionea anakaa na mafungu mawili mezani, msaada huku mchoro huku, halafu kwa roho mbaya anachagua mchoro. Haiendi hivyo. Fungu la kununulia mchoro ndo lilelile la hisa na majengo, ni mali inabadilishwa umbo, sawa na mzee aliyeuza ng'ombe akanunua kiwanja, hakuna anayemuuliza mbona hela hukuipeleka msikitini. Na sababu za kupenda michoro zipo wazi: inabebeka, watoto watairithi, ina heshima ambayo hisa hazina, wengine wanaipenda kwelikweli, na mara nyingine inapanda bei ajabu, kuna kazi ya Basquiat, mchoraji wa Marekani, ilinunuliwa dola 19,000 mwaka 1984 ikaja kuuzwa milioni 110.5 Mei 2017. Linganisha na zile boti za kifahari, kila mwaka mafuta, mabaharia, ukarabati, na bei yake inashuka tu. Huko ndo hela inaungua kweli na sisikii kelele nyingi hivi.

Tena siku mwenyewe akiamua, mchoro unageuka msaada mkubwa kuliko ambao angetoa mwanzo. Agnes Gund, mkusanyaji wa sanaa wa Marekani, mwaka 2017 aliuza mchoro wa Roy Lichtenstein aliokaa nao nyumbani miaka mingi, ukaenda kwa milioni 165 pamoja na ada, na milioni 100 kati ya hizo akaanzishia mfuko wa Art for Justice, wa kupambana na ule utaratibu wa Marekani wa kujaza watu magerezani. Michoro na vitu vya David na Peggy Rockefeller 2018 vilileta zaidi ya milioni 830, zikaenda kwenye misaada. Mkusanyiko wa Paul Allen, yule aliyeanzisha Microsoft na Bill Gates, Novemba 2022 ulipita bilioni 1.5 na mapato yote yalipangwa kwenda kwenye misaada kama alivyotaka mwenyewe kabla hajafa.

Halafu kuna namba moja inanisumbua kila nikisikia huu mjadala. Soko lote la sanaa duniani, minada na magalari na madalali wote, mwaka 2023 lilikadiriwa kuwa dola bilioni 65. Mwaka huohuo Wamarekani peke yao, kwa hesabu za Giving USA, ripoti ya kila mwaka ya misaada ya huko, walitoa misaada bilioni 557. Nchi moja! Zaidi ya mara nane ya michoro yote iliyouzwa na wanadamu wote. Ukitoa makampuni, mifuko na mirathi ukabaki na watu binafsi tu bado ni kama bilioni 374, karibu mara sita. Na ndani ya ile 557 kuna kama bilioni 25 zilizoenda kwenye sanaa na utamaduni, kwa hiyo hata huo mpaka kati ya sanaa na msaada tunauchora sisi wenyewe.

Najua jibu lake, na ni jibu zuri: humo kuna sadaka za kanisani za watu wa kawaida, na hela nyingi zinaenda kwenye vyuo ambavyo tayari ni tajiri, so haithibitishi kwamba mabilionea wanatoa vya kutosha. Kweli, na mimi naamini hawatoi vya kutosha. Ila hilo utalijua kwa kuangalia walichotoa na kodi waliyolipa, ukuta wa sebule yake haukuambii.

Kwenye kodi ndo pananiuma. Marekani mtu akinunua mchoro kwa milioni 1, ukafika 10, akaupa makumbusho, anaweza kukata hiyo 10 kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa kikomo cha kila mwaka, na ile faida ya 9 haitozwi kabisa. Sehemu ya huo ukarimu analipa mwananchi. Na yako maghala ya bandari huru kama ya Geneva, mchoro unakaa humo bila ushuru, unauzwa kwa mwingine bila hata kutoka mlangoni, hakuna anayeuona. Salvator Mundi yenyewe ilitangazwa kuonyeshwa kwenye makumbusho ya Louvre Abu Dhabi Septemba 2018, ikaahirishwa, na umma haujaiona tena.

Anayesahaulika kuliko wote ni mchoraji. Mchoro wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, uliuzwa Sotheby's, kampuni nyingine ya minada, 2019 kwa kama dola milioni 1.5, na mauzo ya namna hiyo hela inaenda kwa aliyekuwa anaumiliki. Mwaka uliofuata Armitage huyohuyo akaanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya faida, wachoraji wetu wapate pa kuonyesha kazi. Umoja wa Ulaya una sheria ya kumpa mchoraji asilimia kidogo kazi yake ikiuzwa tena, lakini kikomo ni euro 12,500 hata mchoro ukiuzwa milioni 100, na Marekani kwenye sheria ya taifa hakuna kitu kabisa. Wenye hasira na minada waanze na hicho kikomo cha 12,500, kiondolewe.