Nemspesi za watumiaji: zizimwe au ziachwe?

Anayetunza seva ya ofisi Chake Chake na anayetunza maabara ya kompyuta ya chuo Tunguu, ikiwa wote wanatumia Linux, watapewa ushauri uleule: zima nemspesi za watumiaji, yaani vyumba vilivyotengwa ndani ya mfumo ambamo mtumiaji wa kawaida hupata madaraka ya msimamizi. Kwa wa kwanza ni ushauri mzuri. Kwa wa pili nina wasiwasi nao.

Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013, keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inamruhusu mtumiaji wa kawaida kujifungulia nemspesi yake na kuwa ruti (msimamizi mwenye mamlaka yote) humo, kama mgeni anayekuwa mwenye nyumba ndani ya chumba alichopangishwa tu. Lakini uruti huo wa chumbani unamfikisha kwenye sehemu za keneli ambazo zamani ziliguswa na msimamizi peke yake. Kasoro ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2024-1086, iliyojificha kwenye nf_tables, kipengele kinachochuja pakiti za mtandao, ilikaa humo karibu miaka kumi. Mwenye akaunti ndogo kabisa aliweza kuifikia kupitia nemspesi, akatoka akiwa ruti wa mashine nzima. Kasoro nyingine, CVE-2022-0185, ilitumika kwa njia hiyohiyo. Seva isiyoendesha kontena (programu zinazofungiwa peke yake ndani ya mashine) wala kivinjari kwa kawaida haipotezi kitu kikubwa kwa kuzizima.

Maabara ni jambo jingine, maana wanafunzi hushinda kwenye kivinjari. Firefox na Chrome hutumia nemspesi hizohizo kuufungia kizimbani ukurasa mbaya wa wavuti usifikie mafaili ya mtu. Ukizizima, Firefox hupoteza sehemu ya kizimba, na Chrome hurudia njia ya zamani ya programu msaidizi yenye haki za ruti. Ndiyo maana Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyokuwa imezifunga kwa miaka, ilizifungua katika toleo la 11 mwaka 2021. Ubuntu 24.04, Linux nyingine, imeshika njia ya kati: AppArmor, mlinzi wake wa ndani anayewekea programu mipaka, huzibana, ila kwa programu zilizoruhusiwa. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys walionesha mwaka 2025 njia tatu za kuukwepa ukuta huo, lakini kwa maabara bado ningeuchagua.

Na tusisahau kwamba kasoro za keneli za Dirty COW ya 2016 na Dirty Pipe ya 2022 hazikuhitaji nemspesi hata kidogo. Dawa yake ilikuwa keneli mpya, na mashine kuwashwa upya. Pale ambapo bando ndilo linalochelewesha masasisho, kompyuta moja iyapakue, nyingine zote zichukue kwake.