Tuisheni si dawa ya mtoto asiyejua kusoma

Mtoto yuko darasa la tatu, mwakani ana upimaji wa taifa wa darasa la nne, na kusoma bado anababaisha. Hapo ndipo wazazi mitaani kwetu huanza kuulizana tuisheni nzuri iko wapi. Mimi nasema hivi: kwa mtoto wa namna hiyo, tuisheni nyingi za mtaani ni hela ya bure.

Walimu wenyewe siwalaumu. Mwalimu ana kundi la watoto barazani kwake, anaandika maswali ubaoni, wao wananakili. Anayejua kusoma ananufaika. Asiyejua naye ananakili, tena kwa mwandiko mzuri, anawekewa vema nyekundu na kurudi nyumbani daftari limejaa. Mzazi akiliona daftari hilo anaridhika, mwezi ukiisha analipa tena.

Shuleni nako hali tunaijua. Uwiano rasmi hapa Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini tangu elimu bila ada ianze 2016, shule nyingi za kayumba, yaani za serikali, zimejaa kupita kiasi. Mtaala ulioanza 2015 uliweka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele kwa darasa la kwanza na la pili, na ulifanya vizuri. Ila ukifika la tatu masomo yanaongezeka, na aliyebaki kwenye silabi hakuna anayerudi kumchukua.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta msaada, jua kwanza amekwamia wapi. Uwezo, wale wanaopita kaya kwa kaya kupima watoto, wana njia ambayo mtu yeyote anaweza kuiga nyumbani: silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Anapokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ni mkubwa. Usitumie kitabu chake cha shule, maana hicho huenda kakikariri. Kuna mtoto wa jirani aliyekuwa anatiririka ukurasa mzima huku macho yakiwa darini. Tukamwandikia maneno yale yale kwenye karatasi, tukayachanganya. "Baba" na "kuku" akayasoma. Alipofika kwenye "ng'ombe" akanyamaza, "mbwa" akasema "baa", "nywele" hakuigusa kabisa. Ba be bi bo bu alikuwa nazo zote. Zilizomshinda ni konsonanti zikifuatana. Na mama yake alikuwa anamlipia tuisheni ya sayansi!

Wengine wamevurugwa na kuhamishwa. Mtoto kaanzia chekechea ya Kiingereza, ada zikashinda, kahamia kayumba. "Kiti" anaisoma "kaitai". Huyo si mzito. Herufi "i" aliijua kwa jina jingine, hakuna aliyemwambia kwamba huku inatamkwa vingine.

Sisi watu wa Pwani mfumo unaofaa tunao siku zote, pale madrasa. Kila mtoto ana mahali pake kwenye juzuu. Ustaadhi anamwita mmoja mmoja, anamsikiliza, akikosea anaambiwa rudia hapo hapo, na hahami mpaka apasome. Wakubwa wanawasikiliza wadogo. Hakuna anayesogezwa mbele eti kwa sababu mwaka umeisha. India, shirika la Pratham limejulikana kwa kuwapanga watoto kufuata kiwango chao cha kusoma badala ya darasa, na watu wanalisifu kama jambo jipya. Wangefika Tanga au Unguja jioni moja tu.

Basi tafuta mtu wa kumsikiliza mtoto mmoja. Waliomaliza kidato cha nne hukaa nyumbani kuanzia Novemba. Matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Mpe binti mmojawapo hiyo hela ya tuisheni, akae na mtoto dakika ishirini kila jioni. Masharti ni machache: asimsomee, amwache ahangaike kidogo na neno kabla ya kumsaidia, na fimbo asiishike. Watoto wengi wanaogugumiza mbele ya kitabu wanaogopa tu.

Hadithi za bure za Kiswahili zipo kwenye tovuti za African Storybook na StoryWeaver, zimepangwa kwa ngazi, na duka la steshenari linaweza kukuchapishia. Mwenye kuishi Dar ana Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 1967. Katuni za Akili and Me zinawafaa wadogo wanaoanza herufi, ila kutazama si kusoma, tusidanganyane.

Akisogeza kitabu hadi puani au akikunja uso, mpeleke kwanza akapimwe macho. Na akizidi kukwama baada ya miezi ya kusikilizwa kweli, muone mwalimu wa elimu maalumu; wapo watoto wenye akili nzuri tu ambao herufi huwasumbua kwa namna nyingine.

Mzazi usiyejua kusoma, usijitoe. Kusitasita unakusikia hata bila kuona maandishi. Mwambie afunge kitabu akusimulie alichosoma, kisha muulize swali; kama ni hadithi ya fisi na kisima, kwa nini fisi alikubali kushuka? Akibaki anakutazama, mwambie afungue tena ukurasa ule ule.