Shule ya nyota mbili

Jirani yangu, mama wa watoto wanne aliyetoka Kivu, alinitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku: "Ndugu, hii masomo iko na nyota mbili tu. Tuhame?" Alikuwa ameonyeshwa kadi ya ripoti ya shule ya msingi wanakosoma wanawe hapa Ohio, Marekani, na usingizi ukamruka.

Namwelewa. Sisi tuliosoma Tanzania tulilelewa na orodha ya shule kumi bora, hadi Baraza la Mitihani lilipoacha kuitangaza mwaka 2023. Mtu wa malezi hayo akiona nyota mbili kati ya tano hahitaji maelezo. Ni mkiani.

Ila kadi ya Ohio haisomwi hivyo, na hata Wamarekani wenyewe wengi huisoma vibaya.

Kadi hiyo ni tathmini ya jimbo kwa kila shule, na jimbo lilianza kutumia nyota mwaka 2022, badala ya herufi za A hadi F. Sehemu mbili ndizo nzito kwa shule ya msingi, na zina uzito sawa. Ya kwanza ni ufaulu. Kila mwaka watoto wa kuanzia darasa la tatu wanafanya mtihani wa jimbo wa kusoma na wa hisabati, na kila mmoja anaangukia katika ngazi moja kati ya tano. Aliyefikia kiwango anaiingizia shule pointi 1.0, wa ngazi ya juu 1.2, wa ngazi ya chini kabisa 0.3. Asiyeonekana kwenye mtihani ni sifuri. Sehemu ya pili ni maendeleo: je, watoto hawa walisonga mbele kuliko ilivyotarajiwa, ukilinganisha na walikokuwa?

Sasa mchukue mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sheria ya serikali kuu inaruhusu asamehewe mtihani wa kusoma mara moja, akiwa hajatimiza miezi 12 katika shule za Marekani. Baada ya hapo anakaa na wenzake waliozaliwa hapa, karatasi ni ya Kiingereza. Tuseme, alama zake zikishaanza kuhesabiwa kama za wenzake, mwaka huu hakuambulia kitu, mwakani amepanda sana lakini bado yuko ndani ya ngazi ile ile ya chini. Kwenye ufaulu aliiletea shule 0.3, na atailetea 0.3 tena. Kwenye maendeleo, mwalimu wake amefanya kazi kubwa na inaonekana.

Nilifungua kadi ya shule ya jirani yangu. Ufaulu, nyota moja. Maendeleo, nyota nne. Zinachanganywa pamoja na mengine madogo, na mzazi anapewa jumla ya nyota mbili na nusu, jumla isiyosema lolote kuhusu chochote. Nusu hiyo yeye hata hakuiona.

Msimamo wangu ni huu: jumla ile ifutwe. Nyota za ufaulu zinaeleza zaidi watoto waliingia mlangoni na nini: kipato cha nyumbani, lugha ya nyumbani, wamehama mara ngapi. Nyota za maendeleo ndizo za walimu. Kuzikoroga kwenye chungu kimoja ni kumlaumu daktari kwa kuwa wodi yake ina wagonjwa.

Najua jibu la wapinzani, nalo lina uzito. Bila kiwango kimoja kwa wote, mtoto wa maskini ataambiwa "anaendelea vizuri" mpaka amalize shule hajui kusoma. Ndiyo maana George W. Bush alipokuja hapa Ohio, mjini Hamilton, Januari 2002, akatia saini sheria iliyotaka watoto wote wafikie kiwango ifikapo 2014. Wote! Mwaka 2014 ulifika, hakukuwa na jimbo lililofika. Kule Atlanta tayari wachunguzi walikuwa wamekuta, mwaka 2011, udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 walizozichunguza. Walimu walikuwa wanafuta majibu na kuweka mengine. Ukimwambia mtu afike pasipofikika, atatafuta njia ya panya.

Sheria ya 2015, ya wakati wa Obama, ililegeza kamba. Mitihani ilibaki, ila kila jimbo linajitungia namna ya kupima, mradi libainishe asilimia 5 ya chini kabisa ya shule zinazopokea fedha za Title I, yaani msaada wa serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, na kuzisaidia.

Hizo fedha za Title I ndizo zinazowachanganya wenzetu kuliko nyota. Nimesikia kwenye mkusanyiko wa Wakongo baada ya ibada kwamba shule ikifeli serikali kuu inaikatia pesa. Sivyo. Mpango huu ulianza mwaka 1965, Rais Johnson alipotia saini sheria ya elimu huko Texas, pembeni yake akiwa amekaa mwalimu wake wa kwanza. Tangu hapo pesa zinafuata umaskini, si alama. Ndani ya wilaya ya elimu, shule yenye zaidi ya asilimia 75 ya watoto wa familia za kipato cha chini hutangulia kupewa. Ikifika asilimia 40, inaweza kuzitumia kwa shule nzima: mwalimu wa ziada wa kusoma, msaidizi darasani, na kadhalika. Kwa hiyo ile fomu ya kipato mnayoletewa mwanzo wa mwaka ijazeni. Kuna baba aliniambia yeye si ombaomba. Sawa, kaka, lakini mara nyingi huo ndio mtaji wa shule ya mwanao.

Lisilosemwa ni kwamba serikali kuu huchangia takriban senti kumi tu katika kila dola ya shule za umma. Zilizobaki ni za jimbo na za mtaa, na za mtaa hutokana zaidi na kodi ya majengo. Penye nyumba za bei, shule ina bei. Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema mwaka 1997, kwenye kesi ya DeRolph, kwamba utaratibu huo unavunja katiba ya jimbo. Miaka inakwenda na kodi ya majengo bado ndiyo nguzo. Nyota, hata hivyo, wanapewa wote kwa mizani moja.

Jirani hakuhama. Nilimwonyesha zile nne za maendeleo, akazitazama kwa muda, akauliza mkutano wa wazazi wa Title I ni lini, maana shule inalazimika kuuitisha kila mwaka. Jumanne, saa kumi jioni. Saa hizo yeye yuko zamu ghalani, anafunga maboksi. Tumeandika barua kuomba wauweke Jumamosi, na mkalimani wa Kiswahili awepo.